Nangi: Kijiji cha milimani kilichotundika intaneti juu ya miti

BANDO likikwisha katikati ya video, kijana wa Nairobi huona ni kama dunia imesimama. Ataomba jirani amgawie waifai, atakopa salio, ama atapiga simu kwa rafiki na kumwambia, "Nitumie hata ya shilingi ishirini."

Sasa fikiria kijiji ambacho hakikuwa na bando la kukwisha. Hakukuwa na mnara wa simu, wala stima, wala laini ya simu ya waya. Barabara ya magari iliyokuwa karibu ilikuwa mwendo wa takriban saa saba kwa miguu, na njia yenyewe ilikuwa ya kupanda na kushuka milima.

Kijiji hicho ni Nangi, katika wilaya ya Myagdi, magharibi mwa Nepal. Miaka ya mwanzo ya 2000, wakulima wa huko walifanya jambo ambalo kampuni za simu za nchi yao hazikuwa zimefikiria kufanya. Walijijengea mtandao wao wenyewe, kwa vifaa vya waifai vya kawaida, madishi ya televisheni na miti mirefu.

Walifanya hivyo nchi ikiwa vitani, tena kinyume cha sheria.

Miguu ndiyo ilikuwa mtandao

Nangi iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake imesimama milima ya Annapurna na Dhaulagiri, ambayo kilele chake kirefu zaidi kinafika mita 8,167. Watalii hulipa pesa nyingi kuja kuitazama theluji hiyo. Kwa mwenyeji, mlima maana yake ni kazi. Mashamba yamekatwa kwa matuta kama ngazi, na humo hulimwa viazi, mahindi, mtama mdogo na shayiri. Nyumbani kuna nyati wa kufugwa, ambaye kwao ndiye wa maziwa na samadi.

Wakazi wengi ni wa jamii ya Magar. Kwa vizazi vingi, vijana wa kiume wa milima hii wamekuwa wakiondoka na kujiunga na jeshi la Uingereza au la India, wale wanaojulikana duniani kama Gurkha. Siku hizi wengi huelekea Qatar, Saudi Arabia, Milki za Kiarabu na Malaysia kutafuta vibarua. Habari hiyo si ngeni kwetu. Ukisimama uwanja wa JKIA utaona vijana wa Kenya wakiwa kwenye foleni ya ndege hizo hizo.

Kabla ya mtandao, ujumbe katika Nangi ulisafiri kwa miguu. Ukitaka kumjulisha mtu wa kijiji cha pili kwamba nyati wako anauzwa, unamtuma mtoto ateremke bondeni na kupanda ng'ambo. Vijiji viwili vinaweza kutazamana kwa macho kabisa, na bado kufika huko ni kazi ya nusu siku. Mgonjwa akizidiwa, alibebwa mgongoni au kwenye machela. Na kama aliyebebwa alikuwa na tatizo ambalo daktari angelitatua kwa maelezo ya dakika kumi, hakuna aliyeweza kujua mapema.

Mvulana wa kibao cha mkaa

Kisa cha Nangi hakiwezi kusimuliwa bila Mahabir Pun. Alizaliwa huko mwaka wa 1955 na kukulia kwenye malisho ya mifugo kama watoto wengine. Shule ya kijiji ilikuwepo, ila haikuwa na vitabu wala karatasi. Watoto waliandika kwa chokaa laini juu ya kibao cha mbao kilichopakwa mkaa.

Baba yake alifanya uamuzi ambao wazazi wengi wa ushago wanaufahamu. Aliihamisha familia kutoka milimani hadi tambarare za kusini, eneo la Chitwan, ili kijana apate shule ya sekondari. Pun alipomaliza akafanya kazi ya ualimu kwa zaidi ya miaka kumi, akiwasomesha ndugu zake. Baadaye akapata ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Nebraska kule Kearney, Marekani, na kuhitimu mwaka wa 1992.

Hapa ndipo hadithi nyingi za namna hii huishia. Mtu anapata digrii Marekani, anatuma pesa nyumbani, anajenga nyumba ya mabati mapya, basi. Pun alirudi. Akaungana na wanakijiji kujenga shule ya sekondari ya Himanchal, ili mtoto wa Nangi asilazimike tena kuhama kwao ndipo asome.

Mwaka wa 1997 shule hiyo ilipokea kompyuta nne zilizotumika, msaada kutoka kwa wanafunzi wa Australia. Zikafika kijiji kisicho na stima. Badala ya kuziweka stoo zikisubiri serikali, walichukua maji ya kijito kilichopita karibu na kuyatumia kuzungusha jenereta ndogo. Baadaye walianza kuunda kompyuta zao wenyewe kutoka kwa vipuri vya mitumba, wakiviweka ndani ya maboksi ya mbao. Mtoto wa mkulima wa viazi akaanza kujifunza kuchapa, huku nje nyati wakipita.

Ila kompyuta isiyounganishwa na nyingine ni kama daftari ghali tu. Ili kusoma barua pepe, Pun alilazimika kuteremka mlima, kupanda basi na kufika mji wa Pokhara. Hiyo ni safari ya zaidi ya siku moja, kusoma ujumbe ambao pengine una mistari mitatu.

Barua kwa BBC

Laini ya simu ilikuwa ndoto. Intaneti ya setilaiti ilikuwepo, ila bei yake ingemeza bajeti yote ya shule. Mwaka wa 2001, Pun aliandikia shirika la habari la BBC barua pepe akieleza shida ya kijiji chake na kuuliza kama kuna mtu mwenye wazo. BBC ikachapisha habari hiyo, na watu kutoka sehemu mbalimbali wakajibu. Baadhi yao hawakuishia kwenye maneno. Mwaka uliofuata, wataalamu vijana wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani walipanda mlima hadi Nangi.

Wazo walilolileta lilikuwa rahisi. Waifai ilikuwa teknolojia changa wakati huo, na ilikusudiwa kufika mita chache tu ndani ya nyumba au ofisi. Kifaa cha waifai hutawanya mawimbi pande zote, kama balbu inavyotawanya mwanga. Ukiyakusanya mawimbi hayo kwa dishi na kuyaelekeza upande mmoja, yanafanya kama tochi. Nguvu ni ile ile ndogo, lakini sasa inafika mbali, mradi hakuna kitu kinachokinga kati ya dishi hili na lile.

Na hapa mlima, ambao siku zote ulikuwa kikwazo, ukageuka kuwa msaada. Kijiji kilicho mgongoni mwa mlima kinaona mbali. Shida ni pale kilele kingine kinapozuia. Suluhisho ni kwenda kukisimamia kilele hicho, kuweka kifaa cha kupokea mawimbi upande huu na kuyarusha upande ule, mfano wa wanariadha wa kupokezana vijiti.

Hawakuwa na pesa za minara ya chuma. Walitumia miti. Madishi ya kawaida ya televisheni yalifungwa juu ya miti mirefu, yakaelekezwa kwa majaribio mpaka mawimbi yakashikana. Vituo vya kupokezana viliwekwa kwenye vilele vya zaidi ya mita 3,000 na kuendeshwa kwa sola na betri. Mwisho wa mnyororo huo ulikuwa Pokhara, makumi ya kilomita kutoka kijijini, ambako intaneti ya kawaida ilipatikana.

Kufikia mwaka wa 2003, Nangi na vijiji jirani vilikuwa mtandaoni.

Kati ya bunduki mbili

Ukisoma hadi hapa unaweza kudhani shida kubwa ilikuwa ufundi. Sivyo. Tangu mwaka wa 1996 Nepal ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali na waasi wa Kimao, vita vilivyoua zaidi ya watu 13,000 kabla ya mkataba wa amani kutiwa saini Novemba 2006. Waasi walikuwa na nguvu zaidi hasa huko milimani, na Myagdi haikusalimika.

Mwishoni mwa mwaka wa 2001 serikali ilitangaza hali ya hatari. Kifaa chochote cha mawasiliano ya redio kilitazamwa kwa jicho la shuku. Kuingiza vifaa vya waifai nchini na kuvitumia bila leseni lilikuwa kosa. Kwa hivyo vifaa vya kwanza viliingia kimya kimya, ndani ya mizigo ya wageni.

Hebu jiweke mahali pao. Unapanda mti kileleni, mgongoni una dishi na waya. Mwanajeshi wa serikali akikuona, atasema unawasaidia waasi kuwasiliana. Mwasi akikuona, atasema unawapelelezea wanajeshi. Wote wana bunduki, nawe jibu lako ni kwamba unataka watoto wa shule wasome barua pepe.

Hatari haikuwa ya kufikirika tu. Mnamo Februari 1, 2005, Mfalme Gyanendra alipotwaa mamlaka yote, simu na intaneti zilizimwa kote nchini. Utawala ulikuwa umeonyesha wazi jinsi unavyoyaogopa mawasiliano.

Mambo yalibadilika mwaka wa 2006, baada ya maandamano makubwa kumlazimisha mfalme kuachia mamlaka. Pun na wenzake walikuwa wakishinikiza masafa ya waifai yafunguliwe, na mwaka huo serikali ikayaondoa kwenye orodha ya masafa yanayohitaji leseni. Kilichokuwa kosa kikawa halali. Mwaka uliofuata, Pun akatunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay, ambayo wengi huiita Nobel ya bara Asia. Mwaka wa 2014 akaingizwa katika orodha ya heshima ya watu waliochangia kueneza intaneti duniani.

Kwani mkulima anataka intaneti ya nini?

Swali hili huulizwa sana na watu wa mjini, mara nyingi kwa kejeli. Jibu la Nangi ni kwamba wakulima hawakuanza na mitandao ya kijamii. Walianza na shida walizokuwa nazo.

Ya kwanza ilikuwa soko. Mtu mwenye nyati wa kuuza aliweza kuwatangazia watu wa vijiji vingine kupitia mtandao wa ndani. Mnunuzi akajua bei kabla ya kuanza safari. Kwa mtu anayeokoa siku nzima ya kutembea, huo ni mshahara.

Ya pili ni simu. Sauti ilipitishwa juu ya mtandao huo huo, hivyo kijiji kikaongea na kijiji bila kulipa kampuni yoyote. Waliokuwa na watoto ng'ambo wakaweza kuwaona kwa kamera. Kama shosho yako amewahi kukuona kwa video mara ya kwanza na kuanza kuigusa simu, unaelewa jambo hilo lina uzito gani.

Ya tatu ni matibabu. Wahudumu wa afya wa vijijini waliunganishwa na madaktari wa mjini, ikiwemo Hospitali ya Kathmandu Model, wakaweza kuonyesha mgonjwa na kuuliza ushauri. Hakuna upasuaji uliofanywa kwa intaneti. Lakini kujua kama huyu abebwe leo usiku au anaweza kusubiri hadi kesho, hiyo peke yake inaokoa maisha.

Ya nne ni masomo. Walimu wa hesabu, sayansi na Kiingereza ni haba milimani. Mwalimu mmoja mzuri aliyekaa kijiji kimoja aliweza kuwafundisha wanafunzi wa kijiji kingine kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo watalii wakaingia kwenye hesabu. Wapanda milima wanaopita eneo hilo walitaka malazi na chakula, na mtandao ukavisaidia vijiji kupokea wageni na malipo yao.

Mtandao wa Nepal Wireless, kama ulivyokuja kuitwa, ukaenea hadi wilaya nyingine na kuunganisha zaidi ya vijiji 100.

Nani atapanda kileleni betri ikifa?

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo haipigwi picha. Radi za milimani huunguza vifaa. Mawingu yakitanda siku nyingi, sola haichaji na kituo kinazima. Betri huzeeka. Kila hitilafu maana yake ni mtu kuvaa viatu na kupanda kwa saa kadhaa, mara nyingine kwenye baridi kali, kwenda kubadilisha kifaa cha ukubwa wa kiganja.

Miradi mingi ya teknolojia vijijini hufia hapo hapo, hapa Kenya na kwingineko. Siku ya uzinduzi kuna hema, wanasiasa na keki. Miezi sita baadaye waifai ya sokoni imezima, na hakuna anayejua nenosiri liko na nani.

Nangi ilijikinga kwa njia mbili. Kwanza, vijana wa kijiji walifunzwa kuunganisha na kutengeneza vifaa wenyewe. Mgeni alikuja kufundisha, kisha akaondoka. Pili, shule na jamii zilianzisha miradi ya kuingiza pesa: mabwawa ya samaki, kutengeneza karatasi kwa mikono, jemu, na ufugaji wa yak, yule ng'ombe wa manyoya marefu wa nchi za baridi. Pesa za mtandao zilitegemea maziwa na samaki. Hakuna aliyedhani intaneti ingejilipia yenyewe.

Tuseme ukweli pia. Mtandao haukuwazuia vijana kuondoka. Nepal bado ni nchi ambayo pesa zinazotumwa na wafanyakazi walio ng'ambo ni zaidi ya moja ya tano ya pato la taifa. Ukimwonyesha kijana dunia kupitia kioo, huenda ukamwongezea hamu ya kwenda kuiona. Anayesema waifai peke yake itawarudisha vijana shambani anauza ndoto. Ilichofanya ni kupunguza gharama ya kubaki kwa wale waliotaka kubaki, na kuwapa walioondoka kamba ya kushikilia nyumbani.

Na sisi je?

Kenya ya leo si Nangi ya mwaka wa 2001. Mwaka ule ule Pun alipopata tuzo, 2007, sisi tulikuwa tunaanza kutumiana pesa kwa M-Pesa. Mkulima wa chai au viazi milimani leo ana simu, hata kama ni kabambe. Huduma kama iCow, iliyoanzishwa na Mkenya Su Kahumbu, zilithibitisha kwamba mfugaji anaweza kupata ushauri wa ng'ombe wake kwa ujumbe mfupi tu, bila simu ya bei.

Lakini bado kuna mabonde ambako unapanda juu ya jiwe fulani ndipo upate netiweki. Na penye netiweki, bei ya bando huamua nani atafungua video ya somo na nani ataishia kutuma "nipigie".

Njia ya mtandao wa jamii ipo hapa pia. Kibera kuna TunapandaNET, inayounganisha shule na vituo vya jamii kwa waifai ya masafa marefu, kwa mbinu inayofanana sana na ya Nangi. Mnamo 2021, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao ya jamii. Kijana wa Kenya hatahitaji kuficha ruta ndani ya begi la mgeni. Bei ya vifaa pia imeshuka mno ukilinganisha na siku zile.

Kinachobaki ni watu. Msomaji wa ukurasa huu pengine anajua kuunganisha ruta, kutengeneza blogu, kupima kasi ya intaneti. Kwenu ushago ujuzi huo ni adimu kama mwalimu wa hesabu alivyokuwa adimu Nangi.

Kwa hivyo Desemba ukipanda matatu kwenda kwenu, kabla ya kulalamika kwamba netiweki ni mbaya, uliza maswali machache. Zahanati humpigia nani ikikwama usiku? Broka wa viazi akitaja bei, mkulima anaithibitisha vipi? Shule ina kompyuta ngapi, na ngapi kati yake zimefungiwa stoo tangu ziletwe? Nani kijijini ana umri wa miaka kumi na sita na hufungua redio mbovu kuona kilicho ndani?

Huyo wa mwisho ndiye wa kuanza naye. Mwachie bisibisi, spana na namba yako ya simu.